Vitabu Ishirini na Vinne, Nafasi Moja

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, watu walipokuwa tayari na simu mbilimbili mkononi na hakuna hata moja yenye chaji, palikuwa na chuo kikuu kiitwacho Kilimanyuki. Kilikuwa na geti kubwa, na mnara wa saa ambao mishale yake iliamua kupumzika saa nne na robo, na maktaba ya ghorofa mbili ambayo paa lake lilivuja upande wa Falsafa tu. Watu wa Falsafa walisema ni dhuluma. Wengine wote walisema si dharura.

Katika maktaba hiyo aliajiriwa msichana aitwaye Tumpale Mwambipile, mzaliwa wa Tukuyu, mwenye shahada ya ukutubi ya daraja la juu. Mama yake aliitia shahada ile kwenye fremu ya kioo, akaitundika sebuleni pale ilipokuwa picha ya harusi yake mwenyewe. Baba mtu akauliza picha ya harusi imekwenda wapi. Akaambiwa ipo, asiwe na haraka.

Tumpale alikuja na mambo makubwa kichwani. Alikuwa amefundishwa jinsi ya kuyapanga maarifa ya dunia nzima, kila wazo na namba yake, kila namba na rafu yake. Siku ya kwanza kazini akakabidhiwa vitu vitatu: kengele ya kufungia maktaba, ufunguo wa choo cha wahadhiri, na fimbo ndefu ya kusukumia madirisha ya juu. Akauliza kompyuta iko wapi. Akaonyeshwa. Ilikuwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa pamewekwa maua ya plastiki.

Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja, wa majaribio. Mwaka ukiisha, ama athibitishwe kazini, ama arudi Tukuyu akaitazame shahada yake ukutani. Na kurudi Tukuyu halikuwa jambo dogo, maana mama mtu alikwisha kusimama kanisani akatoa shukrani kwamba mwanawe sasa ni mkuu wa vitabu vyote vya chuo kikuu. Kwaya ikaimba. Ukishaimbiwa na kwaya, huwezi kurudi na begi saa nane mchana ukasema mkataba umeisha.

Basi Tumpale akafanya kazi. Mhadhiri akisahau miwani, anaitwa Tumpale. Mwanafunzi akilala juu ya meza akakoroma hadi wenzake wakashindwa kusoma, anaitwa Tumpale. Paka akizalia kwenye rafu ya Uhandisi, anaitwa Tumpale. Na kila mara alijibu neno lile lile: "Sawa, nakuja."

Juu yake alikuwepo Mkurugenzi wa Maktaba, Dakta Rweyongeza, mtu mpole, mwenye tabasamu, na mwenye safari. Alizijua maktaba za Kampala na Lusaka kuliko ile aliyokuwa anaiongoza, na mle mwake alihitaji kuelekezwa ngazi. Mwezi wa tatu Tumpale alimwandikia mpango wa kurasa nne wa kuifufua ile kompyuta na kuingiza humo orodha ya vitabu vyote. Mkurugenzi akasema niachie niusome. Kweli aliusoma. Aliusoma Lusaka, mbele ya watu mia moja, picha yake ikiwa ukurasa wa kwanza. Aliporudi akamletea Tumpale mfuko wa mkutano. Ulikuwa mfuko mzuri, una zipu.

Sasa, ilikuwa desturi ya Kilimanyuki kwamba katika kikao chochote, aliye mdogo kazini ndiye anayeandika muhtasari. Kikao cha Kamati ya Maktaba kilikaa kila mwezi, na kila mwezi Tumpale aliandika: kamati ilipokea taarifa, kamati ilijadili kwa kina, kamati iliazimia kuendelea kujadili. Mihtasari ya mwaka ikikusanyika, ilijalidiwa kwa jalada la bluu ikapelekwa ghorofani, rafu ya mwisho kabisa, nyuma ya nguzo. Zilikuwepo juzuu thelathini na moja. Tangu chuo kianzishwe hakuna aliyewahi kushusha hata moja.

Mwezi wa kumi wa mkataba wa Tumpale, ikaja barua. Wakaguzi wa ithibati wanakuja Kitivo cha Sheria. Wameambatisha orodha ya vitabu ishirini na vinne ambavyo kitivo hakiwezi kufundisha bila kuwa navyo. Watavihesabu kwa mkono, kimoja kimoja, rafuni. Visipokuwepo, kitivo hakitapokea mwanafunzi mpya mwaka ujao. Zilibaki siku tisa.

Tumpale akafungua daftari la kupokelea vitabu. Vyote ishirini na vinne vilinunuliwa na kugongwa muhuri. Akaenda rafuni. Akakuta sita.

Kamati ikaitwa kwa dharura. Mwenyekiti, Profesa Mlelwa, mtu mnene wa sauti na wa shingo, akauliza vitabu kumi na vinane vimekwenda wapi. Mkurugenzi akasema swali hilo ni la kimkakati. Akaongeza kwamba kwa bahati mbaya keshokutwa anasafiri kwenda Windhoek, kwenye mkutano unaohusu upotevu wa vitabu, lakini ofisi ina mtu makini. Wote wakageuka kumtazama mtu makini. Mtu makini alikuwa anaandika: kamati ilijadili kwa kina.

"Binti," Profesa akasema, "vitabu hivyo vikipatikana, sioni kwa nini usithibitishwe kazini. Visipopatikana, sioni kwa nini uthibitishwe."

"Sawa," Tumpale akasema. Na kwa kuwa yeye ndiye mwandishi, akaliandika na hilo.

Alianza kwa kukosea. Kila mkutubi kijana hukosea hapo hapo: alidhani wezi wa vitabu ni wahadhiri. Akawaandikia barua ya adabu, kila mmoja na jina lake, akiwaomba watazame nyumbani. Wengi hawakujibu. Mwenyekiti alijibu kwa kuja mwenyewe, akasimama kaunta mbele ya wanafunzi, akauliza kama siku hizi maprofesa wanaitwa wezi na watoto waliozaliwa yeye akiwa tayari na shahada mbili. Tumpale akaomba radhi mara tatu. Siku ya pili dereva wa Profesa akashusha gunia. Ndani mlikuwa na vitabu kumi na kimoja vya maktaba, vingine vya mwaka aliozaliwa Tumpale. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye orodha ya wakaguzi.

Zikabaki siku sita.

Ndipo Tumpale akatumia kile alichosomea. Alikwenda Kitivo cha Sheria, akaomba kusoma kazi za wanafunzi za muhula ule. Wakamshangaa, wakampa rundo lote. Hakusoma hoja zao. Alisoma kurasa za mwisho, pale wanapotaja vitabu walivyotumia. Na pale akaona kioja. Vile vitabu vilivyopotea vilikuwa vimetajwa, tena kwa namba za kurasa, tena katika kazi zenye tarehe za wiki iliyopita. Akaenda kwa mlinzi wa mlangoni, akatazama daftari la vinavyotoka. Havikutoka. Akakaa chini kwenye ngazi akacheka peke yake. Vitabu havijaibwa. Viko hai, viko ndani ya jengo, na kuna watu wanavisoma.

Viko wapi? Maktaba ilikuwa na vitabu sitini elfu. Kwa siku sita mtu mmoja hawezi kuvipitia hata akiacha kula.

Hapo ndipo alipomkumbuka Mzee Ndimbo.

Mzee Ndimbo alikuwa mpanga rafu. Alivaa koti la kaki lenye mifuko minne na kusukuma mkokoteni ambao gurudumu lake moja lilikuwa linalia. Cheti hakuwa nacho. Alikuwa kibarua wa mkataba wa miezi mitatu, na mkataba huo ulikuwa umeongezwa mara mia moja na kumi na sita. Ukifanya hesabu utaona ni miaka ishirini na tisa ya kuwa wa muda. Wakurugenzi sita walikuja na kuondoka, kila mmoja akaagwa kwa keki, na mara zote Mzee Ndimbo ndiye aliyepanga viti.

Tumpale akamweleza. Mzee akamsikiliza hadi mwisho, akasimamisha mkokoteni.

"Mwanangu," akasema, "unataka nikuonyeshe makaburi?"

Akamweleza jambo ambalo halimo kwenye vitabu vya ukutubi. Kitabu kikiwa kimoja na wasomaji ni mia mbili, mwanafunzi mwerevu hakiazimi wala hakiibi. Anakizika. Anakitoa rafu ya Sheria na kukipachika rafu isiyotembelewa na mtu, ili kesho akija akikute yeye tu. Kila mwaka wanazika, kila mwaka Mzee Ndimbo anayaona makaburi.

Tumpale akamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo.

"Nani aliniuliza? Mwanzoni nilikuwa navirudisha. Nikikirudisha asubuhi, mchana kimechanwa kurasa. Nikaona kilichozikwa kinakaa salama kuliko kilicho rafuni. Nikaacha. Halafu mimi ni wa muda, mwanangu. Wa muda hatoi ushauri."

Wakaanza mzunguko. Mzee akitangulia na mkokoteni unaolia, Tumpale akifuata na orodha. Rafu ya Ufugaji Nyuki, vitabu viwili vya Mikataba. Rafu ya Sarufi ya Kireno, Sheria ya Makosa ya Jinai. Rafu ya hotuba za viongozi waliostaafu, vitabu vitano kwa mpigo, maana hapo ndipo mahali salama kuliko pote. Rafu ya Falsafa, chini ya ndoo ya kukingia maji ya paa, viwili vingine, vikiwa vikavu kabisa, vimevishwa mfuko wa plastiki na mtu mwenye huruma. Na viwili nyuma ya kamusi ya Kilatini. Walipomaliza, walikuwa na kumi na viwili.

Vikabaki sita, na kati ya hivyo sita kilikuwemo kitabu cha Sheria ya Ardhi, nakala moja pekee, ambacho wakaguzi walikipigia mstari mara mbili. Mzee Ndimbo akakiri amefika mwisho wa ujuzi wake. Akasema tangu mwaka juzi kuna mzikaji mpya, fundi, haachi alama. Ametafuta kwa ajili ya kujifurahisha tu, hajawahi kumpata.

Zikabaki siku mbili.

Asubuhi ya siku ile Tumpale alipanda ghorofani kuuweka muhtasari wa kikao cha dharura usubiri kujalidiwa. Nyuma ya nguzo, mbele ya rafu ya mwisho, akamkuta kijana ameketi sakafuni, juzuu ya bluu imefunguliwa mapajani, anasoma. Anasoma kwa makini, kidole kikifuata mstari. Akafika mahali, akatabasamu.

Tumpale akasimama pale pale. Mihtasari ile aliijua. Ya mwaka huu yote aliiandika mwenyewe. Hakuna binadamu aliyewahi kuisoma akatabasamu. Akasogea, akamwomba kijana afunue jalada. Ndani ya jalada la bluu la Kamati ya Maktaba mlikuwa na Sheria ya Ardhi, imekaa kama mtoto mgongoni.

Kijana aliitwa Gaudens Komba, mwaka wa tatu Sheria, mwezi ule ule alikuwa anamaliza. Hakukimbia. Alitoa mkobani daftari la kurasa mia moja akamkabidhi. Tumpale akalifungua, na hapo ndipo alipoona aibu aliyoikumbuka siku nyingi. Lilikuwa daftari la maktaba. Kila kitabu na ukurasa wake. Nani kakisoma, kaanza saa ngapi, kamaliza saa ngapi, kurasa zimehesabiwa kabla na baada. Masharti yalikuwa nyuma: saa mbili kwa mtu, mikono iwe safi, usikunje pembe, ukichora mstari umejitoa. Kwa miaka miwili hakuna ukurasa hata mmoja uliopotea. Maktaba kubwa, yenye mkurugenzi, muhuri na kengele, ilikuwa na ndani yake maktaba ndogo ya vitabu sita inayofanya kazi kuliko yenyewe, na imejificha mahali pekee ambapo wakubwa wasingetazama, yaani kwenye kazi yao wenyewe.

"Dada Tumpale," Gaudens akasema, "mwaka wa kwanza nilifungua kitabu kingine cha humu siku moja kabla ya mtihani. Sura ya nne ilikuwa imekatwa na wembe. Nikaapa. Ukivirudisha rafuni, wiki haiishi vitakuwa majalada matupu. Na ukiniandikia ripoti, mimi sihitimu."

Tumpale akafikiri. Sheria za chuo zilikuwa wazi: mwenye kuficha kitabu anafukuzwa, na mtumishi anayemjua asimtaje naye ana kesi yake. Siku zake sitini zilizobaki za mkataba alikuwa anazihesabu. Akaketi sakafuni karibu naye.

"Nipe vitabu," akasema. "Na daftari lako nitalifanya sheria ya maktaba. Ripoti siandiki."

Basi wakaguzi wakaja. Walikuwa watatu, wamevaa suti za rangi moja, na mmoja alikuwa na kalamu inayobofya. Wakahesabu. Kimoja, bofya. Viwili, bofya. Wakafika ishirini na vinne. Wakafunua Sheria ya Ardhi, wakakuta kurasa zote. Wakaonyeshwa utaratibu mpya wa saa mbilimbili na kurasa zinazohesabiwa. Mkuu wao akasema hajaona mpango wa namna hiyo katika chuo chochote alichokagua. Mkurugenzi, ambaye alirudi jana yake, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa mtu anayepokea sifa yake.

Kitivo kikapona. Na kwa furaha wakaguzi wakapendekeza, na chuo kikapata kibali: nafasi moja ya ajira ya kudumu, ya msimamizi wa vitabu hivyo adimu. Nafasi moja, hakuna nyingine. Nafasi ya Tumpale aliyoahidiwa ikamezwa humo humo. Akaambiwa kama anataka kubaki, aombe hiyo kama watu wengine.

Watu wengine walikuwa wawili. Mzee Ndimbo aliomba. Gaudens Komba, aliyekwisha kuhitimu na kutuma maombi ya kazi sehemu arobaini bila kujibiwa na hata moja, akaomba.

Siku ya kikao ilikuwa Alhamisi. Ijumaa mkataba wa Tumpale ulikuwa unaisha. Kamati ikakaa, sambusa zikaja, na aliyekuwa mdogo kazini akafungua daftari la muhtasari. Ndiyo. Mwombaji wa kwanza ndiye aliyekuwa katibu wa kikao. Mjumbe mmoja alinong'ona kwamba si sawa. Mwenyekiti akauliza basi nani ataandika, na wajumbe wote wakakumbuka ghafla kuna sambusa.

Akaitwa Mzee Ndimbo. Akaingia na koti lake la kaki, amelipiga pasi.

"Mimi nina neno dogo," akasema. "Bila mimi mngekuwa na vitabu sita na huyu binti mngekuwa mmemfukuza. Nimebakiza miaka miwili nizeeke kisheria. Wa muda haagwi, waheshimiwa. Nimepanga viti vya keki sita. Nataka siku moja nikalie kimojawapo."

Mjumbe akamuuliza mbona aliyajua makaburi miaka yote akanyamaza, wanafunzi wakifeli. Mzee akasema alinyamaza kwa kuwa hakuna aliyewahi kumuuliza jambo lolote isipokuwa viti viko wapi. Mjumbe akasema hilo si jibu. Mzee akasema ndiyo jibu alilonalo. Tumpale akaandika: mwombaji alijieleza.

Akaitwa Gaudens, na tai ya kuazima.

"Kazi mnayoitangaza nimekwisha kuifanya miaka miwili," akasema, "bila ofisi, bila mshahara, tena nikijificha. Huo utaratibu waliousifia wakaguzi ni wangu, upo kwenye daftari langu. Mzee anajua vitabu viko wapi. Dada alijua kwamba vipo. Lakini wote wawili wangekuta majalada matupu kama mimi nisingevilinda."

Sambusa zikarudishwa kwenye sahani, maana kijana alikuwa amejitaja mwenyewe kwamba ndiye mzikaji. Mwenyekiti akavimba shingo. Lakini chuo kilikwisha kupokea sifa za utaratibu ule kwa maandishi. Kumshitaki mwenye nao kungekuwa kujishitaki. Mjumbe mwingine akamuuliza kuhusu msichana mmoja wa darasa lake, Pelagia, aliyefeli Sheria ya Ardhi mara mbili kwa kukosa kitabu. Jina lake lilikuwamo kwenye daftari? Gaudens akatazama viatu vyake. Akasema daftari lilikuwa na watu aliowaamini. Tumpale akaandika: mwombaji alijieleza.

Kisha Mwenyekiti akamwambia katibu aweke kalamu chini, ajieleze na yeye. Tumpale akasimama.

"Mzee aliyajua makaburi lakini hakujua nani anatafuta. Gaudens alivilinda lakini hakutaka vionekane. Mimi ndiye niliyejua havijaibwa, nikamwuliza ambaye hajaulizwa, nikamwamini ambaye alistahili kufukuzwa. Vitabu vilikuwa humu miaka yote. Vimekutana rafuni kwa sababu nilivitafuta."

Akaulizwa kama ni kweli alimjua mzikaji akaficha, kinyume cha sheria. Akasema ni kweli. Akaulizwa kama ni yeye aliyewaita maprofesa wezi. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeuliza. Tumpale akasema aliuliza kwa adabu, na gunia likaja. Akaketi, akachukua kalamu, akaandika juu yake mwenyewe: mwombaji alijieleza.

Wakajadili. Wawili wakasema huruma ina uzito wake, apewe Mzee. Wawili wakasema utaratibu ni wa kijana, apewe kijana. Wawili wakasema mkutubi ni mmoja tu hapo, na nafasi ni ya ukutubi. Mkurugenzi akasema kila upande una hoja nzito na kwamba Windhoek walilizungumzia. Wakarudia. Wawili, wawili, wawili. Sambusa zikaisha. Dereva akachungulia, akaonyesha saa yake, kwani Mwenyekiti alikuwa na ndege.

"Nadhani tumekubaliana," Mwenyekiti akasema akiinuka.

Wajumbe wakasema tumekubaliana. Kila mmoja alidhani wengine wamekubaliana na yeye.

"Katibu, jaza jina kwenye fomu, niletee garini nitie saini."

"Mwenyekiti, jina lipi?"

"Lile lile tulilosema."

Akatoka. Tumpale akamgeukia Mkurugenzi, akamuuliza jina lipi. Mkurugenzi akasema kwa upole lile la Mwenyekiti, akachukua mkoba wake. Wajumbe wakatoka mmoja mmoja, kila mmoja akampa Tumpale tabasamu la mtu aliyetenda haki.

Akabaki peke yake na fomu. Katikati ya fomu palikuwa na mstari wa nukta. Akiliandika jina lolote pale, litasainiwa bila kusomwa, kama mihtasari yote iliyotangulia. Na muhtasari utajalidiwa kwa bluu, na hakuna atakayeufungua milele. Simu yake ikatetemeka mezani. Mama anauliza kama kwaya iendelee na mazoezi.

Akatazama dirishani. Chini, Mzee Ndimbo alikuwa anarudisha viti vya kikao, viwili viwili, koti la kaki amelikunja pembeni lisichafuke. Kaunta, iliyoonekana kupitia mlango ulioachwa wazi, Gaudens aliyemshikia zamu alikuwa anampa kitabu cha Sheria ya Ardhi msichana mmoja mrefu, na anamhesabia kurasa mbele yake. Msichana alikuwa Pelagia. Nje gari la Profesa likapiga honi mara moja.

Haya, wasikilizaji wangu, ninyi mnaojua kila kitu na vitabu vya watu mnavyo nyumbani, msinitazame mimi. Kuna aliyejua vilipo akanyamaza. Kuna aliyevilinda akavinyima wengine. Kuna aliyevitafuta akavipata, na kalamu anayo yeye. Honi imepigwa mara ya pili. Je, nani alistahili mstari ule wa nukta? Na wewe unayesema ni Tumpale, ningependa kukusikia hapo ulipo: ungeliandika jina lako kwa mkono wako mwenyewe?